Mama, Robo Hajaanguka Tena

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipotuaga bila kelele, kama ulivyofanya mambo yako yote. Wengine huanza kumbukumbu kwa maua. Sisi tumeona tukupe kwanza habari unayoingoja, maana tunakujua: huko uliko hujauliza habari za nyumba wala za wajukuu. Umeuliza, "Paka je?" Paka yupo. Ana miezi minane hajaanguka. Sasa tulia tukusimulie, na wanaosoma wasogee nao wasikie.

Kwa wasiokujua, ulikuwa fundi saa kwa miaka thelathini na moja. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilichokuwa karakana yako: meza moja chini ya dirisha, taa yenye shingo ndefu, vibano na bisibisi ndogo ambazo sisi watoto tulikatazwa hata kuzipumulia. Kile kioo cha kukuzia kilikuachia duara kwenye jicho la kulia, na duara hilo halikufutika hata siku za harusi. Kila aliyekuletea saa iliyokufa ulimwambia neno lile lile: "Umeshaipiga, eh? Saa haipigwi. Niachie niifungue." Na ulikuwa na wimbo mmoja tu wa kazi, ambao uliupotosha mahali pale pale kila siku, mpaka tukakua tukidhani ndivyo ulivyotungwa.

Na kwa wasiomjua Baba, yeye ni fundi rangi. Nyinyi wawili mliitana "Fundi", mgeni akiingia hajui nani kamwita nani. Wewe ulikuwa mtu wa sekunde. Baba ni mtu wa "ngoja nimalize ukuta huu." Ulikuwa ukisema kwamba ukimtuma chumvi leo, utaila kesho. Hata hivyo mliishi miaka thelathini na minne na hatukumbuki hata siku moja watu kuitwa kuja kuwasuluhisha.

Robo alikuja siku ya mvua. Ulikuwa unatoka kurudisha saa ya ukutani ya shule, ukamkuta kando ya barabara amegongwa na pikipiki, kichwa kimevimba upande mmoja, pumzi inakuja na kuondoka. Ukamfunga kwenye kitambaa cha kubebea saa, ukaja naye. Baba alikuwa mlangoni anasugua rangi vidoleni.

"Fundi, unaniletea maiti ndani?"

"Hajafa."

"Hafiki jioni huyo."

"Basi tuingoje jioni, tuone."

Jioni ikafika, kesho yake ikafika, na kapaka kakafumbua jicho moja. Ukamwita Robo kwa sababu, ulisema, hii ni robo tu ya paka, zilizobaki zitafuata njiani. Ulimlisha mchuzi wa samaki kwa kijiko cha chai, ukimsemesha kwa sauti ile ile uliyotumia kuzisemesha saa za watu. Baba hakumgusa. Alisema yeye na paka hawana ugomvi, ila urafiki pia hawana.

Alianguka mara ya kwanza miezi sita baadaye, juu ya meza yako, katikati ya saa za wateja. Mwili ulikakamaa, miguu ikapiga hewa, povu likamtoka, na mkojo ukaenda moja kwa moja kwenye saa ya mwalimu mmoja aliyekuwa amekaa pale anangoja. Mwalimu alipanda juu ya kiti. Wewe ulisogeza saa, ukamwekea Robo kitambaa chini ya kichwa, ukatazama ukutani.

"Sekunde sabini na mbili," ulimwambia daktari wa mifugo mchana ule.

Yule binti aliacha kuandika akakutazama. Alisema tangu aanze kazi hajapata mtu wa kumpa sekunde, wote humwambia "muda mrefu sana." Akakueleza kwamba ni kifafa, na huenda kilianzia kwenye lile pigo la kichwani. Kupona hakitapona, ila kinaweza kufungwa kamba. Dawa ya maji, chupa ya kahawia, nusu bomba lisilo na sindano, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kila siku ya maisha yake. Kuiruka ni hatari, na kuikatisha ghafla ni hatari zaidi. Watu wengine wangeona wametwishwa mzigo. Wewe ulirudi nyumbani umechangamka, maana umepata kiumbe kinachohitaji kupewa kitu kwa wakati.

Wiki mbili za mwanzo tulicheka na kuogopa kwa pamoja. Dawa ilimlevya Robo akawa anatembea upande upande, anakosa mlango anaingia ukutani. Alilala usingizi wa pono, uso ndani ya bakuli la chakula. Akiamka alikuwa na njaa isiyo na adabu: alikula mkate, alikula ganda la jibini, siku moja tulimkuta anatafuna sifongo ya vyombo kwa moyo wote. Kitinda mimba wako akakuomba uache dawa hiyo, unamuua paka wa watu. Ukamjibu kwamba saa ikitoka kusafishwa hukimbia siku za kwanza, na fundi mjinga ndiye huigusa tena. "Mwache, mwili uzoee." Ukawa unaandika kila siku amekula nini, ametembeaje, amelala saa ngapi, na siku ya kumi na tano Robo akapita mlangoni katikati kabisa, mkia juu.

Baba hakuyaona hayo. Wiki hizo alikuwa mji mwingine anapaka rangi jengo la hospitali, na aliporudi alikuta paka aliyenyooka. Tunalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililotuletea balaa baadaye.

Halafu ukaugua wewe. Ulijua kabla yetu, na ukaanza kuweka mambo sawa bila kumtisha mtu. Saa za wateja ulizirudisha moja moja. Kitinda mimba ukamkalisha mezani kwako ukamfundisha alichoweza kubeba. Kilichobaki kilikuwa Robo. Kila ulipomwita Baba aje aone namna ya kumshika taya na kupitishia bomba pembeni mwa meno, Baba alikumbuka ukuta ambao haujakauka. Hakuwa na chuki na paka. Kujifunza kazi ile kulikuwa na maana moja tu, naye hakutaka kuikubali maana hiyo. Sote tuliliona hilo, na wewe ndiye uliyeliona zaidi, na hukumlazimisha.

Siku tatu kabla hujaondoka, kifungua mimba wako akiwepo kando ya kitanda, ulimwuliza Baba waziwazi.

"Fundi, dawa ya Robo atampa nani?"

"Nitampa mimi."

"Wewe?"

"Kwa mkono wangu. Hataanguka."

Ukatabasamu, ukafumba macho, ukasema haya.

Msiba ukajaza nyumba watu. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshampa paka dawa, na paka mwenyewe, kwa kuwa alipewa samaki na kila mgeni, hakulalamika. Akakosa dozi mbili, akaanguka chini ya viti vya waombolezaji. Daktari akaongeza dozi kidogo. Kifungua mimba akamwambia Baba, "Baba, nipe mimi nikae naye, wewe pumzika." Baba akakata kauli: "Nimeahidi mimi, hukuahidi wewe." Na kweli, kuanzia siku hiyo alimpa dawa asubuhi na jioni, hakuruka hata mara moja. Robo alimkwaruza mikono mpaka wenye nyumba alizokuwa akipaka rangi wakamwuliza kama amehamia kwenye kazi ya kukata miiba.

Lakini dozi mpya ilirudisha ulevi ule wa mwanzo. Robo akaanza tena kuyumba, akaanguka kwenye ngazi moja, akalala mchana kutwa ulimi nje. Sisi tulikuwa kwetu, kila mtu na kazi zake, na Baba hakutuambia.  Aliona paka uliyemwachia anakwisha mbele yake, na anayemmaliza ni yeye mwenyewe kwa mkono wake. Kuuliza si ujinga, ulituimbia hilo tangu tukiwa wadogo, lakini Baba hapendi kuuliza watu waliosoma. Akaichukua ile chupa, akaitikisa, akainusa, akadondoshea tone kwenye ukucha wa kidole gumba akalitazama likiteremka.

"Nzito," akajiambia.

Na rangi ikiwa nzito, Mama, fundi rangi hatupi kopo. Anatia maji.

Alitia kwa ustadi, hilo tumpe. Alichemsha maji, akayapoza, akapima, akakoroga. Akawa anampa Robo nusu bomba ile ile, kwa wakati ule ule, na kwa dhamiri safi. Baada ya siku chache Robo akaanza kutembea wima. Macho yakang'aa. Akapanda hadi juu ya kabati. Baba akatupigia simu mmoja mmoja kujigamba. "Nyie mlisema siwezi. Njooni mumwone huyu, anaruka kama hana deni la mtu." Tulikuja tukamwona, tukampongeza, tukanywa chai. Hata mmoja wetu hakufikiri kuishika chupa.

Jumapili moja mchana Robo alikuwa amelala barazani kwenye jua. Baba alikuwa anasafisha brashi zake. Paka akakakamaa, akabingirika, akaanza. Kifafa kikaisha, akanyanyua kichwa, kikaanza tena. Baba hakuwa na saa, hajawahi kuwa na saa, akaanza kuhesabu kwa sauti, na jirani yetu muuza magazeti anasema alisikia mwanamume mzima anahesabu huku analia. Alifika mia mbili na kumi. Kifungua mimba, aliyepigiwa simu na jirani huyo, akafika na teksi, wakamweka Robo ndani ya ndoo safi ya rangi iliyotandikwa shati, wakaenda.

Daktari alimchoma sindano ya kuzima kile kifafa, akamtoa damu, akatoka na karatasi. Alisema dawa ndani ya damu ni kidogo sana, haifiki nusu ya inayotakiwa.

"Mzee, umekuwa ukimpa?"

"Kila siku."

"Daktari, baba yangu haruki," kifungua mimba akadakia. "Mama yetu ndiye alimwachia. Angalia chupa zenu huko, labda mmetuuzia mbovu."

 Baba alituhadithia baadaye kwamba hapo ndipo alipoona aibu ya maisha yake: mwanawe anamtetea, daktari asiye na kosa anaanza kujitilia shaka, na yeye amekaa na ukweli mdomoni. Angeweza kukaa nao. Chupa ilikuwa nyumbani, angeimwaga jioni ile ile na asingejua mtu. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hiki kingekuwa cha Robo. Wakatoka mpaka kwenye korido. Kifungua mimba akawa anatafuta teksi. Baba akageuka, akarudi ndani peke yake, kofia mkononi.

"Daktari. Dawa niliizimua."

"Uliifanya nini?"

"Niliitia maji. Nusu kwa nusu. Nilimwona anayumba, nikaona ni kali. Mimi ni fundi rangi."

Alingoja agombwe. Alikuwa amejiandaa kuambiwa ni mzee mjinga, na alikuwa tayari kumwachia kifungua mimba paka siku hiyo hiyo, akatembee na deni la ahadi yake mpaka kaburini. Daktari hakugomba. Alivuta faili la Robo, akatoa ukurasa mmoja uliokunjwa mara nne, akampa.

Mwandiko ulikuwa wako, Mama, zile herufi zako ndogo za kuandikia ndani ya mifuniko ya saa. Baba hakuwa na miwani, ikabidi daktari amsomee. Kifungua mimba alikuwa amesharudi kumtafuta, akayasikia akiwa mlangoni. Ulikuwa umeandika: "Binti yangu, mume wangu atakuja badala yangu. Ni mtu wa kuaminika, ila mikono yake haitulii, lazima ijaribu. Atakosea. Nakuomba umruhusu kosa moja na usimgombeze, maana akigombezwa hukimbia. Mweleze sababu. Akijua sababu ya kitu, huyo hasahau."

"Alileta mwenyewe," daktari akasema. "Alikuja kwa miguu, na alikuwa hawezi kutembea. Mimi nimekuwa nakusubiri wewe miezi yote hii."

Baba alikaa chini, kwenye benchi la wanyama. Akalia machozi ambayo hakuyatoa msibani, siku ile alipojikaza kisabuni kupokea mikono ya watu. Alilia, halafu akacheka, kwa sababu umemjua mpaka mahali atakapokosea. Kisha akajifuta kwa kofia, akasema, "Haya, niambie sababu."

Akaelezwa. Kwamba dawa ile hukaa ndani ya damu na kujengeka siku kwa siku, na ikipungua ghafla ubongo hauna kinga. Kwamba kuyumba na njaa na usingizi ni madhara ya kawaida ya dozi mpya, wiki mbili hivi mwili unazoea, na ikizidi hapo anaulizwa daktari, haiulizwi chupa. Kwamba kila baada ya miezi sita damu itapimwa, kuangalia kiasi cha dawa na kuangalia ini, kwa kuwa ini ndilo linalobeba kazi. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe ni kama rangi ya msingi. Ukiizimua hiyo, hata upake juu mara tano, ukuta utabanduka." Daktari alisema hajapata kulieleza vizuri hivyo. Baba akaondoka pale amenyooka mgongo.

Robo akarudi nyumbani na dozi kamili, akayumba wiki mbili kamili. Safari hii Baba alitandika magodoro kwenye ngazi, akaziba pembe za meza kwa matambara, na kila jioni akatupigia simu kutoa taarifa ambayo hatukuiomba. "Leo kagonga mlango mara tatu. Jana tano." Siku ya kumi na nne alipiga, akasogeza simu chini tusikie paka anavyotembea. Hatukusikia chochote, paka hana viatu, lakini tulimpongeza.

Leo Baba amevaa saa mbili, Mama, moja kila mkono. Alizichagua kwa kitinda mimba, akasema ya kushoto inamwambia wakati na ya kulia inaichunguza ya kushoto. Saa kumi na moja na nusu jioni anashuka ngazi, hata ukuta ubaki katikati. Mwenye nyumba mmoja alimfuata mpaka getini.

"Fundi, unaniacha na ukuta wa rangi mbili?"

"Ukuta hauanguki, bosi. Nina mgonjwa."

Wiki iliyopita damu ilipimwa. Dawa iko mahali pake, ini ni zima. Ubaya ni mmoja: ile njaa haikuondoka yote, na paka uliyemwita Robo sasa ana uzito wa paka mmoja na nusu. Daktari amesema apunguziwe chakula. Baba amesema sawa. Hapo tuna mashaka naye, kwa sababu Robo akimtazama Baba huku Baba anakula samaki, hatujui nani anamfuga nani. Wanalala chumba kimoja. Baba anakana, na manyoya ya paka yapo kwenye mto.

Hatusemi kwamba hatulioni pengo lako. Kuna asubuhi chumba cha mbele kinanyamaza ghafla, na tunakumbuka ni wimbo wako ndio haupo. Kitinda mimba amejaribu kuuimba, ameupatia vizuri, na hatukuupenda. Lakini nyumba imesimama, Mama. Kuna mtu anaamka saa kumi na moja na nusu, anapasha maji, anamwita mwenzake, na mwenzake anakuja anakimbia.

Unakumbukwa na mumeo, kifungua mimba wako na mumewe, kitinda mimba wako, anayeketi sasa mezani kwako na ambaye ameanza kuota lile duara jichoni, dada yako, wajukuu wako watatu, jirani yako muuza magazeti, yule mwalimu, ambaye saa yake ilipona ila bado inanuka kidogo, na binti yako daktari wa mifugo. Kukusahau hatujui, wala hatutajifunza.

Tulipomsomea Baba haya, alikuwa na Robo mapajani na bomba mkononi. Alisema tumemsema sana. Kisha akasema kuna mstari wake mmoja, uwekwe chini ya majina, tusiurembe: "Fundi, lile kosa moja uliloniruhusu nimeshalitumia. Sina jingine."